Mali ya Mjerumani Shambani kwa Mjomba

Masoko, kijiji cha kule Rungwe, usiende na kitu kirefu kilichofungwa kwenye salfeti. Nenda na begi la magurudumu, nenda na mbuzi, nenda na godoro kichwani, watu watakupokea. Lakini kitu kirefu ndani ya salfeti, kando ya lile ziwa, kina maana moja tu, na maana hiyo wanaijua mpaka watoto wa chekechea: umekuja kuchukua mali ya Mjerumani, ile hazina aliyoiacha enzi za vita.

Mimi nilikuwa na mashine ya kufyekea nyasi.

Aliyeniagiza ni mjomba, kaka yake mama, ambaye ana ugomvi usioisha na vibarua. Akipiga simu, salamu fupi, malalamiko marefu. "Mwanangu, hawa wanakaa kunywa chai saa nne, wanainuka saa saba, halafu wanadai posho ya mvua." Na mvua za Rungwe si za kuulizia, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ukianza kulipa posho ya mvua kule utauza na shamba. Nikaingia Kariakoo nikamnunulia mashine: mpini mrefu wa chuma, injini ndogo juu, na chini sahani ya duara. Muuzaji akaniongezea miwani mikubwa ya kinga, vizibo vya masikio vinavyounganishwa kwa ukanda kichwani, karatasi ya maelekezo ya Kichina iliyojaa michoro na mishale, na kichupa cha oili nyekundu ya kuchanganya na petroli, sehemu moja ya oili kwa sehemu 25 za petroli. Vitu hivyo vikumbuke vizuri. Baadaye vilisomwa kwa sauti, kimoja kimoja, mbele ya umati.

Ningeweza kuituma kwa basi. Lakini nilikuwa natafuta kisingizio cha kwenda mwenyewe, maana Masoko nilikuwa sijakanyaga tangu mwaka 1988, nikiwa darasa la tatu. Mama alitupakia treni ya TAZARA hadi Mbeya, halafu basi hadi Tukuyu, na kutoka pale tukateremka kwa gari la mizigo hadi kwa mjomba, juu kidogo ya ziwa. Ziwa lenyewe wenyeji wanaliita Kisiba. Ni shimo la volkano lililojaa maji, duara kabisa, upana kama mita 700 hivi, kina karibu mita 37, na hakuna mto unaotoka. Mimi mtoto wa Temeke niliyezoea madimbwi ya kipindupindu, nilipoliona niliacha kuongea mpaka chakula cha jioni, jambo ambalo familia bado inalisimulia.

Wiki zile mimi na binamu yangu tulifanya kila linalofanywa na watoto walioachiwa shamba. Tulikula maparachichi mpaka tukayachukia. Na siku ya mwisho tulifukia kopo la Africafe lenye utajiri wetu wote, tukaapa kwamba tutalifukua tukiwa wakubwa. Kipimo nilikariri kama jedwali la mara saba: kutoka jiwe la kunolea mapanga, hatua 20 kuelekea ziwani, kisha 7 kushoto.

Basi safari hii nikafika Tukuyu, nikala mbalaga, zile ndizi za Kinyakyusa, sahani nzima kwa mama ntilie wa stendi, nikachukua bodaboda. Manyunyu yalikuwa yanashuka na upepo wa Tukuyu, mita kama 1,500 juu ya bahari, unaingia sikioni unatokea upande wa pili. Nikatoa vile vizibo vya masikio nikavivaa. Kijana wa bodaboda akalaza salfeti mbele yake, akaigongagonga, akanigeukia.

"Mama, hiki chuma kinafika mita ngapi?"

Nikajua ana wasiwasi na urefu, tusije tukamkwangua mtu njiani. "Moja na nusu hivi."

"Moja na nusu kwenda chini?"

"Ukikisimamisha."

Akanyamaza mpaka tunafika. Dereva wa bodaboda akinyamaza, jua kuna jambo analipigia hesabu. Aliponishusha hata chenji alinirudishia kamili, akaondoka kwa kasi ambayo hakuitumia na mimi nikiwa nyuma.

Mjomba hakuwepo. Nyumba imefungwa, jirani akasema kaenda msibani, atarudi jioni. Nikaweka begi barazani, nikaifungua mashine kwenye salfeti kuangalia kama basi halijapinda ile sahani. Ilikuwa salama. Nikainua macho, na ziwa likawa pale chini, vilevile, kijani kibichi, duara. Halafu nikaliona jiwe la kunolea mapanga.

Ungefanya nini?

Nyasi zilikuwa zinafika kiunoni, na mtu wa mjini anaogopa nyoka kuliko deni. Nikaishika mashine, haijawashwa wala haina tone la mafuta, nikawa naipeleka kushoto na kulia, sahani ikifagia nyasi chini, mimi nyuma yake nahesabu. Tena nilipiga hatua fupifupi za mtoto wa miaka tisa, maana hatua za sasa hivi zingenipeleka hadi majini. Na kwa kuwa vizibo vilikuwa bado masikioni, sikujua kwamba nahesabu kwa kelele.

"KUMI NA NANE! KUMI NA TISA! ISHIRINI!"

Nikageuka kushoto kuhesabu zile saba. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama nyuma yangu.

Sijui walifika lini. Kulikuwa na akina mama wenye watoto mgongoni, vijana, wanafunzi wenye sare, na mbele yao kijana wangu wa bodaboda akionyesha kwa kidole: "Huyo! Kinasoma mita moja na nusu kwenda chini, kaniambia mwenyewe!"

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa mtu mpole mwenye koti la suti na mabuti ya mvua. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za Dar, akaomba kuona begi. Mtendaji akaketi kwenye jiwe, akafungua daftari, akaanza kuandika huku akisoma.

"Mashine ya kupimia vyuma ardhini, moja."

"Ya kufyekea nyasi," nikasema.

"Hedifoni za kusikilizia, moja. Miwani ya kuonea chini, moja. Ramani ya Kichina..."

"Maelekezo."

"...yenye mishale." Akakiinua kile kichupa kwenye mwanga, na watu wakarudi nyuma hatua moja. "Zebaki nyekundu, chupa moja."

Sasa hapo ndipo ninapotaka niwatetee wenyeji, maana msomaji wa mjini anaweza kucheka mapema. Wajerumani walikuwepo Masoko kweli. Kikosi cha tano cha jeshi lao kilikuwa na kambi palepale juu ya ziwa, na Mei 1916 Waingereza walipovuka kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, Wajerumani waliondoka kwa haraka. Inasemwa silaha na fedha walizitumbukiza ziwani wasiwaachie adui. Sarafu za zamani zimeokotwa ufukweni, watoto wa pale wamekuwa wakiwauzia wageni heller, senti za Mjerumani, kwa miaka. Kwa hiyo mtu akikuta mwanamke mgeni amevaa hedifoni anafagia shamba na sahani ya chuma huku akipiga kelele za namba, dhana yake haiko mbali sana na akili.

Akasogezwa mbele babu mmoja, shahidi mtaalamu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akatoa mfukoni heller ya shaba akaniwekea kiganjani.

"Hii ni takataka," alisema. "Mia moja ya hizi ndiyo rupia moja. Kitu chenyewe ni dhahabu ya Tabora, rupia kumi na tano, walifua 1916 vita ilipowabana. Ina tembo. Umemwona tembo?"

"Sijaona tembo, babu."

"Walikuja Wafaransa hapa na mabomba, wakaingia na boti mpaka katikati ya ziwa. Wakatuambia wanachukua tope." Akawageukia watu. "Mtu atoke Ulaya, apande ndege, aje kuchukua tope?"

Umati ukaguna. Nami nilikuwa najua kwamba walichukua tope kweli, kwamba matabaka ya chini ya lile ziwa yanaeleza habari za hali ya hewa ya miaka kama 45,000, na wataalamu wameandika. Lakini nilipokuwa navuta pumzi niseme, nikajisikia jinsi itakavyotoka, nikaacha.

Mtendaji akanikumbusha kwamba uchimbaji wa vitu vya kale unahitaji kibali, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Nikasema mimi natafuta kopo la Africafe. Shahidi yupo, mtoto wa mwenye shamba hili, anafanya kazi Tunduma, apigiwe. Mwenyekiti akakubali, ila kwa simu yake yeye, nisije nikampigia tapeli mwenzangu. Nikasoma namba, akaweka spika.

"Haloo, ni mimi dada yako wa Dar. Niko hapa shambani kwenu. Hebu waambie hawa wazee, kopo tulilofukia mwaka 1988 lilikuwa na nini?"

"Kopo?"

"La Africafe! Waambie tu, wanataka kunipeleka polisi."

"Ahaa," binamu akasema, na sauti ikalegea. "Polisi. Sasa hapo nitume shilingi ngapi, na kwa namba ipi?"

"Sitaki hela! Sema tu..."

"Juzi mmenipigia mkiwa mjumbe wa nyumba kumi, leo mmekuwa dada. Mama, tafuta kazi." Akakata.

Watu wote wakanitazama kwa huruma, ile anayotazamwa mwizi aliyekanwa na mkewe.

Aliyeniokoa ni kijana wa bodaboda, si kwa wema. Alisema kama ni kopo, kopo lipo, kwa nini tubishane, tuchimbe. Majembe yalitokea upesi mno. Nadhani walikuja nayo. Wakachimba niliposema. Hakuna kitu. Wakasogea kushoto, hakuna kitu. Ukazuka mjadala wa urefu wa hatua zangu za mwaka 1988, mama mmoja akisema kwa jinsi nilivyo sasa lazima nilikuwa na miguu mifupi. Mwishowe mwenyekiti akaita mwanafunzi wa darasa la tatu, binti mwembamba, akasimamishwa kwenye jiwe la kunolea mapanga na kuambiwa atembee kawaida.

Alitembea hatua 20, akageuka, akatembea 7, akasimama.

Jembe la tatu likagonga chuma.

Kimya kilichofuata sijawahi kukisikia hata kanisani. Kopo lilitoka limekula kutu, likiwa ndani ya mfuko wa nailoni ambao, naapa, ulikuwa mzima kama umetoka dukani jana. Mwenyekiti akapiga magoti, akang'oa kifuniko kwa panga, akaingiza mkono.

"Tembo yupo?" babu akauliza kutoka nyuma.

Mwenyekiti akatoa gololi. Akatoa gololi nyingine, na kifungo cha shati, na jino. (La binamu.) Kisha vidole vyake vikagusa sarafu, akaitoa polepole, akaipangusa kwenye koti la suti, akaigeuza kwenye mwanga. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Hakuna tembo, babu," akasema. "Kuna sungura."

Senti hamsini ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Babu aliiomba, akaitia mfukoni pamoja na heller yake, akasema biashara ni biashara. Gololi zilikwenda kwa yule binti, jino hakuna aliyelitaka. Nilidhani mambo yamekwisha, lakini mtendaji alikuwa ameushika ule mfuko wa nailoni kwa ncha za vidole. Akanifahamisha kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019 na mimi nimekutwa nao. Nikasema ulifukiwa miaka 31 kabla. Akasema sheria haiangalii uliufukia lini, inaangalia umekutwa nao lini. Tulimalizana kwa soda za wajumbe, kreti nzima.

Mjomba alirudi magharibi ikiingia. Akakuta shamba lina watu wengi kuliko msibani alikotoka, mpwa wake ana tope mpaka nywele, na mashimo matatu katikati ya nyasi. Akaitikia shikamoo yangu, akaipokea mashine, akasema "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, bila hata kuitazama. Macho yake yalikuwa kwenye mashimo. Akaingiza mkono katika lile la kopo mpaka kwapani, akautoa, akapiga piga udongo.

"Wamechimba bure?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Bure, mjomba."

"Hawakudai chai?"

Siku nilipoondoka kuna jambo lilikuwa limekwisha kuenea, kwamba kopo lilikuwa la kuzugia, na mzigo wenyewe uko karibu. Mjomba hakukanusha. Kila aliyemuuliza alitazama kando, akakohoa, akasema hayo mambo ya wazee tuyaache. Usiku akawa anasikia majembe, analala.

Amenipigia juzi. Mashine bado iko kwenye salfeti, hajaiwasha. Amenunua miche ya parachichi, na mche wa parachichi unataka shimo la futi mbili kwa mbili, kwenda chini futi mbili, kazi ambayo vibarua wangemlaza njaa. Upande wote wa juu umekwisha, kila shimo na mche wake, samadi tayari.

"Sasa hebu kumbuka vizuri, mwanangu," akasema. "Kule chini, kwenye mteremko, hamkufukia kitu kingine? Udongo wa kule ni mgumu sana."