Machi 1 ya Wales: Mapumziko, na nani aamue?

Kila Machi 1, Siku ya Mtakatifu David, watoto wa Wales huenda shule na mavazi ya kienyeji. Wasichana huvaa shali na kofia nyeusi ndefu; wavulana wengi huvaa jezi nyekundu ya raga na kubandika kifuani liki mbichi, ile mboga ya jamii ya kitunguu. Huimba, hughani mashairi kwa Kiwelishi na kushindania zawadi. Jioni nyumbani hupikwa cawl, mchuzi wa kondoo, viazi na liki.

Anayeenziwa ni Mtakatifu David, au Dewi, askofu wa karne ya 6 aliyeanzisha monasteri huko Pembrokeshire. Aliyeandika maisha yake, Rhygyfarch, alikuja kama miaka 500 baadaye, kwa hiyo kisa cha ardhi kuinuka chini ya miguu yake akihubiri kijijini Llanddewi Brefi nakiweka upande wa imani. Heshima yake, hata hivyo, ni historia kamili: katika Enzi za Kati, kwenda kuhiji kanisani kwake mara mbili kulihesabiwa sawa na kwenda Roma mara moja.

Ubishi wa leo ni kama siku hiyo iwe ya mapumziko. Mwaka 2000 Bunge la Wales liliunga mkono kwa kauli moja. Serikali ya Uingereza, London, ilikataa mwaka 2007, ikakataa tena 2022, ikitaja gharama kwa uchumi na wingi wa watu wanaovuka mpaka kwenda kazini England. Hoja ya mpaka ina uzito: mzazi anayefanya kazi Chester, mji wa England karibu na mpaka, angebaki kazini huku shule ya mwanawe imefungwa.

Mimi kinachonitia wasiwasi zaidi ni shule zenyewe. Sherehe hii inaishi humo. Ukizifunga, mtoto ambaye kwao hakizungumzwi Kiwelishi ataghani wapi? Katika sensa ya 2021 waliosema wanakizungumza hawakufika asilimia 18.

Lakini Ireland Kaskazini hupumzika siku ya Mtakatifu Patrick tangu 1903, na Scotland ilijitungia sheria ya siku ya Mtakatifu Andrew mwaka 2007, bila kumlazimisha mwajiri yeyote kufunga. Wales haina mamlaka hayo, na hapo ndipo naona dhuluma. Cardiff, mji mkuu wa Wales, ipewe uamuzi, hata kama mwishowe itachagua kuziacha shule wazi. Halmashauri ya Gwynedd, kaskazini-magharibi mwa Wales, haikungoja: mwaka 2022 iliwapa wafanyakazi wake mapumziko Machi 1.