Tozo ya Venice na vitanda visivyoguswa

Tangu Aprili 25, 2024, anayekwenda Venice, mji wa Italia, kutembea na kurudi siku hiyohiyo hulipia kuingia mjini katika siku zilizoteuliwa, nyingi zikiwa za mwisho wa wiki. Ilianza kwa euro 5 na siku 29. Mwaka 2025 siku zikafika 54, na anayelipa dakika za mwisho akapandishiwa hadi euro 10. Ukishuka kituo cha treni cha Santa Lucia unakutana na wakaguzi, unawaonyesha kwenye simu msimbo wa kuthibitisha malipo, unapita. Ikitimia saa kumi jioni, unaingia bure.

Wanaoitetea tozo hii wana hoja. Taka za Venice hazizolewi na lori: mzoaji anasukuma toroli vichochoroni hadi kwenye boti, na kazi hiyo ni ghali. Mgeni wa hoteli huichangia kwa kodi anayolipa kila usiku. Aliyekuja na mkate wake mkobani, akapiga picha uwanja wa San Marco na kuwahi treni ya jioni, alikuwa hachangii kitu. Hapo sina ubishi.

Ila wakubwa wa jiji walisema shabaha si pesa, ni kupunguza msongamano. Tiketi moja ya vaporetto, boti ya abiria, ni euro 9.50. Nani aliyekwisha lipa hiyo, pamoja na nauli ya treni kutoka Milan, atageuza njia kwa sababu ya euro 5?

Siku tozo ilipoanza, wakazi waliandamana katika uwanja wa Piazzale Roma. Huku nje wengi waliwaona kama watu wasiojua wanachotaka: jana walilia wageni wamezidi, leo wanapinga dawa. Hawakusikilizwa vizuri. Kilio chao ni vitanda vya watalii.

Uwanja wa San Bartolomeo lipo duka la dawa ambalo tangu 2008 limeweka dirishani kibao cha umeme chenye namba moja tu, idadi ya wakazi waliobaki katika mji wa kale. Mwaka 1951 walikuwa karibu 175,000. Agosti 2022 wakashuka chini ya 50,000. Mwaka uliofuata kikundi cha wananchi, Ocio, kikahesabu vitanda vya watalii na kupata 49,693, wakati wakazi ni 49,304.

Tofauti haifiki 400, na mtu anaweza kuipuuza. Lakini Venice ni visiwa. Haina pembezoni ambako mji wa kale ungetanuka. Kitanda kipya cha mgeni mara nyingi ni chumba alichokuwa akilala mtu mwenye mtoto shuleni na deni kwa muuza nyama. Mtu huyo akihamia Mestre, ng'ambo ya daraja, muuza nyama naye anafunga, na duka linageuka la vinyago vya plastiki. Aliyebaki anafuata nyama mbali, mpaka naye achoke.

Sasa tazama nani analala humo. Ni mtalii wa Ijumaa hadi Jumapili, yule mwenye ufunguo wa kwenye kiboksi cha namba mlangoni. Huyo amesamehewa tozo. Kodi ya usiku analipa, ni kweli, lakini kodi hiyo huongezeka kadiri vitanda vinavyoongezeka, kwa hiyo mfuko wa jiji hauna haraka ya kuvipunguza. Anayedaiwa tozo ni aliyetoka Bologna asubuhi, ambaye hajamtoa mtu nyumbani kwake.

Na si kwamba halmashauri haikuwa na rungu. Mwaka 2022 Bunge la Italia liliipa Venice mamlaka ya kuzibana nyumba zinazopangishwa watalii zaidi ya siku 120 kwa mwaka. Tozo ilipoanza miaka miwili baadaye, rungu hilo lilikuwa bado limewekwa kabatini.

Utajibiwa kwamba wapangishaji wengine ni Waveneti wenyewe, bibi aliyerithi vyumba vya juu na anaishi kwa kodi ya pango. Hiyo ndiyo hoja ngumu kuliko zote za upande ule. Hata hivyo, siku 120 zingemwachia bibi huyo kiangazi chote na wiki za sherehe za Kanivali, na miezi iliyobaki angepata mpangaji katika wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ca' Foscari, ambao wanahangaika kutafuta vyumba katika mji huohuo.