Dirty Harry angepangiwa Tanga, tungempenda?

Kuna ubishi umewaka kijiweni kwetu hapa Ngamiani tangu dogo mmoja aje na Dirty Harry kwenye flashi. Muvi ya 1971, Clint Eastwood bado kijana, lakini vijana wameiangalia mpaka mwisho bila kushika simu, we fikiria. Sasa upande mmoja unasema mapolisi wetu wangekuwa kama Harry, yule polisi wa kwenye muvi, vibaka wangeuhama mji, upande wa pili unasema yule si polisi, ni jambazi mwenye kitambulisho. Mi nina upande wangu ila nianze kwa kuwatendea haki wale wa kwanza, maana hawajakosea kila kitu.

Kwa ambaye hajaiona: San Francisco kuna muuaji anajiita Scorpio, anadungua watu kutoka juu ya maghorofa na kudai hela mji umlipe la sivyo anaendelea (waliotunga walimtazamia muuaji wa kweli aliyekuwa anautisha mji huo huo miaka ile, Zodiac, ambaye hajakamatwa mpaka leo). Baadae anateka binti wa miaka 14, anamfukia mzima na kusema hewa yake inaisha saa tisa usiku. Harry Callahan, askari kanzu, anapata habari kwa daktari kwamba mtu mwenye jeraha la kisu mguuni anaishi pale uwanja wa mpira, anavunja mlango bila hati ya upekuzi, anakuta bunduki, anamkimbiza jamaa mpaka katikati ya uwanja, anampiga risasi ya mguu, halafu anaukanyaga ule mguu wenye jeraha amwambie binti yuko wapi. Jamaa anapiga kelele anamtaka wakili, na kamera inapanda juu inarudi nyuma mpaka uwanja wote unamezwa na ukungu, kama vile hata aliyeshika kamera hataki kuona.

Asubuhi mwendesha mashtaka anamwambia Harry bunduki haipokelewi mahakamani, maungamo hayapokelewi, mtu wako anaachiwa. Hapo kijiwe kizima kinapiga kelele.

Na kelele ile ina sababu. Mtu kaibiwa tivii na jiko la gesi, kaenda kituoni kachukua RB (namba ya kuonyesha ameripoti), kaombwa hela ya mafuta ya gari la kumfata mwizi anayejulikana mpaka anapolala, mwizi kakamatwa Jumatatu na Ijumaa anapita mbele ya baraza yako na kukusalimia kabisa, "shikamoo mzee". Kesi ikienda mahakamani unasikia upelelezi haujakamilika, inaahirishwa, inaahirishwa tena, shahidi anachoka nauli. Mtu aliyepitia hayo ukimwambia haki za mtuhumiwa anakuona kama umetumwa. Harry anamuuliza yule mwendesha mashtaka haki za yule binti ziko wapi, na hilo swali sio la kijinga hata kidogo, familia nyingi zimekaa nalo bila kujibiwa. Wamarekani wenyewe walikuwa nalo, maana mahakama yao kuu ilikuwa imetoa hukumu ya Miranda 1966, kwamba polisi lazima amwambie mtuhumiwa haki zake kabla hajamhoji akiwa mikononi mwake, na watu kibao waliona majaji wameegemea upande wa wahalifu. Muvi imekamata hasira hiyo ikiwa ya moto bado.

Ila sasa angalia inavyotuchezea. Sisi tunajua Scorpio ndo muuaji kwa sababu tumemuona, muvi inaanza na jicho lake kwenye darubini ya bunduki. Hatuna hata sekunde moja ya wasiwasi. Kwa hiyo Harry akikanyaga mguu tunajua anakanyaga mguu sahihi. Toa hizo dakika za mwanzo, anza na mtu anaishi kwenye kichumba uwanjani, ana jeraha na anasema mimi sijui kitu, halafu niambie kama bado unashangilia. Mtaani hakuna anayekuonyesha dakika za mwanzo. Unachoona ni difenda, gari la polisi, imesimama, kijana anatupwa nyuma, na mama yake anauliza kafanya nini. Na sisi wenyewe tuna neno la kubambikiwa kesi, tunalitumia kila wiki, wala hatuhitaji kuelezana maana yake.

Kitu cha pili, na hiki ndo kilinikera zaidi nilipoiangalia tena: akishaachiwa, Scorpio anamlipa mtu dola 200 ampige ngumi mpaka uso uvimbe, halafu anaenda kwa waandishi wa habari anasema ni Harry. Yani muvi inakufundisha kimyakimya kwamba mtu akitoka selo uso umevimba akasema polisi wamenipiga, huyo ni muongo kajipigisha. Wakati Harry kweli alimtesa, tumeona kwa macho yetu! Mkosoaji Pauline Kael aliandika wakati ule kwamba muvi hii ina ufashisti ndani yake, watu wakamuona kazidisha. Mi sidhani kazidisha sana kwenye hicho kipande.

Alafu binti mwenyewe hakupona. Vijana wanalisahau hili sijui kwanini, wanakumbuka bastola ya Magnum tu na lile swali Harry analomuuliza mhalifu, kama amefyatua risasi sita au tano. Mateso yalimpa Harry mahali alipo binti, binti akatolewa keshafariki, na kesi ikaharibika, na Scorpio akaachiwa akaenda kuteka basi la watoto wa shule. Ukihesabu kwa haki, njia ya Harry ilishindwa, ila muvi inapiga hesabu kivingine na kumtupia lawama yule mwendesha mashtaka.

Na huyo mwanasheria kafanywa mjinga kuliko sheria yenyewe ilivyo. Chukulia ya kwetu: upekuzi unataka hati, na kawaida anaitwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa ashuhudie na kusaini vilivyokutwa, lakini pakiwa na dharura ya kweli polisi anaruhusiwa kuingia bila hati, na binti anayeishiwa hewa kama sio dharura sijui nini ni dharura. Hata ushahidi uliopatikana kwa kuvunja utaratibu hautupwi moja kwa moja, mahakama inapima. Bunduki ya Scorpio pengine ingepokelewa. Kilicho marufuku bila kupimwa ni kile cha mguu, Katiba ibara ya 13 inakataza mtu kuteswa, basi.

Wanaosema tumuombe Mungu atupe Harry wetu wakumbuke Januari 2006. Wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi waliuawa Dar wakiwa mikononi mwa polisi, na taifa likatangaziwa majambazi wameuawa kwenye mapambano. Tume ya uchunguzi ikaja kusema hawakuwa majambazi. Mahakama Kuu ikawaachia askari wote waliobaki kwenye kesi 2009, Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja 2016, miaka kumi baada ya mauaji. Ile siku ya kwanza ya tangazo, kabla ukweli haujatoka, wangapi walisema safi sana?

Kwa upande wa Harry nimpe moja: mwisho wa muvi akishamuua Scorpio anaitoa beji yake na kuitupa majini. Hajipongezi. Na 1973 ikatoka ya pili, Magnum Force, ambayo naona kama waliotengeneza walisikia matusi wakaamua kujibu: mapolisi vijana wa pikipiki wanaua majambazi ambao mahakama imewaachia, yani ndo ndoto ya kijiwe chetu kabisa, wanamfata Harry ajiunge, anakataa. Mmoja wao ameshampiga risasi polisi mwenzake, rafiki wa Harry wa siku nyingi, kwa kosa la kumkuta eneo la tukio. Nimewawekea vijana kwenye flashi ile ile. Yule aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote kaiangalia nusu, anasema hii haijanoga, Harry kawa mpole.