Picha ya Mshipa wa Shingo Ina Uwezo Gani wa Kutabiri Kiharusi?

Mpimaji hupaka jeli shingoni, huweka kifaa cha ultrasaundi chini ya taya, kisha hutazama na kusikiliza. Damu inayopita penye nafasi huvuma polepole. Ikibanwa hukimbia na mvumo wake hupanda. Kasi ikizidi sentimita 230 kwa sekunde, kwa kawaida ripoti husema kwamba ateri ya karotidi, yaani mshipa wa shingoni unaopeleka damu kwenye ubongo, imeziba kwa asilimia 70 au zaidi. Ubishi uliopo ni kama watu wazima wasio na dalili yoyote nao waitwe kupimwa hivyo.

Wanaotaka waitwe hawakosi hoja. Kiharusi mara nyingi huja bila kubisha hodi, na kipimo chenyewe hakiumizi wala hakina mionzi. Isitoshe, utafiti wa ACST uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba, kwa watu wasio na dalili za karibuni, upasuaji wa kusafisha ateri ulishusha hatari ya kiharusi katika miaka 5 kutoka takriban asilimia 12 hadi 6, madhara ya upasuaji wenyewe yakiwa yamekwisha kuhesabiwa.

Hata hivyo, wagonjwa wa utafiti huo waliandikishwa wakati dawa za kushusha lehemu hazijaenea kama leo, kwa hiyo faida iliyopatikana wakati ule haiwezi kuhamishiwa nzima nzima kwa mgonjwa wa sasa. Kuna pia hesabu ambayo watetezi huiruka. Tuchukue watu 1,000 wasio na dalili, 10 kati yao wakiwa na mshipa ulioziba sana, na tukadirie kuwa kipimo huwatia hofu bure watu 8 katika kila 100 wasio na tatizo. Watakaoambiwa bure kwamba wana ugonjwa watakaribia 80, yaani mara nane ya wagonjwa halisi, na baadhi yao watapelekwa kwenye vipimo zaidi, pengine hata kwenye kisu ambacho chenyewe huweza kuleta kiharusi. Ndiyo maana USPSTF, jopo la Marekani linalotoa miongozo ya kinga, mwaka 2021 lilirudia kupinga upimaji huo wa jumla. Naona lilikuwa sahihi.

Aliyekwisha kupata dalili ni habari nyingine kabisa. Mtu ambaye jicho la kushoto lilimfunga giza kama pazia lililoshushwa, au mkono wa kulia ulimlegea na kikombe kikamponyoka, kisha dakika chache baadaye akawa mzima, anahitaji picha ya shingo haraka, hata kama mwenyewe anaona yamekwisha. Katika utafiti wa NASCET wa mwaka 1991, wagonjwa wa aina hiyo waliokuwa na ufinyu wa asilimia 70 hadi 99 walipata kiharusi katika upande wa ubongo unaolishwa na ateri hiyo kwa asilimia 26 ndani ya miaka 2 walipotegemea dawa peke yake, na 9 walipofanyiwa upasuaji.

Udhaifu mkubwa wa asilimia hizi, kwa maoni yangu, ni kwamba hupima njia iliyobaki na kunyamaza kuhusu kilichoiziba. Utando mgumu wenye chokaa unaweza kutulia miaka mingi, ilhali utando wa mafuta laini wenye ngozi nyembamba, au uliovujiwa na damu ndani, unaweza kuchanika na kurusha donge kwenye ubongo hata kama mshipa haujabanwa sana. MRI, yaani picha inayopigwa kwa nguvu ya sumaku, huweza kuonyesha damu hiyo. Kwa mtu ambaye ufinyu wake umekwisha kugunduliwa, ningetaka ripoti ieleze hali ya utando huo kabla hajaulizwa kama yuko tayari kwa upasuaji.