Ngazi za Michenzani ni za nani?

Kila nikenda Unguja hupita Michenzani, kwenye majumba ya ghorofa yaliyojengwa na serikali, kuwasalimia watu wangu, na kila mara macho yangu huishia kwenye ngazi. Ndani ya nyumba za watu mmetiwa vigae vipya, mna pazia za maana, friji, na kochi zilizoagizwa Dubai. Fungua mlango utoke nje: kikuta kimemeguka, taa imekufa, bomba linatiririka ukutani mpaka chokaa imeota kuvu. Watu wa pale si wachafu hata kidogo, kila asubuhi utamkuta mtu anafagia mbele ya mlango wake. Lakini kila familia ina mlango wake, na ngazi haina mwenyewe.

Mimi naishi Scarborough, huku Toronto, katika jengo la ghorofa lenye familia nyingi kuliko jengo lolote la Michenzani. Sheria ya kondominiamu (yaani nyumba zinazomilikiwa moja moja ndani ya jengo la pamoja) ya jimbo letu la Ontario, ya 1998, inasema ukinunua nyumba ndani ya jengo umenunua vyumba vyako pamoja na fungu lako katika vyote vya pamoja: paa, ngazi, lifti, mabomba. Papo hapo unakuwa mwanachama wa jumuiya ya wenye nyumba, upende usipende. Na jumuiya hiyo ni mtu mbele ya sheria. Ina jina, ina akaunti, hushitaki na hushitakiwa. Bodi yake haipungui watu watatu, nao huchaguliwa na wenye nyumba katika mkutano mkuu wa kila mwaka. Hesabu hukaguliwa na mtu wa nje, na mwenye nyumba akitaka kuona kumbukumbu ana haki ya kuziona.

Kilichonivutia zaidi ni mfuko wa akiba. Huja mtaalamu akapita jengo zima, akaandika kila kitu cha pamoja, umri wake, lini kitachoka na kitagharimu kiasi gani. Hesabu hiyo lazima itazame mbele si chini ya miaka 30, na hupitiwa upya kila baada ya miaka 3. Katika jengo letu tuliletewa karatasi inayoonesha mwaka ambao paa litahitaji kubadilishwa, na paa lenyewe halijavuja hata tone. Pesa zake tunaziweka kila mwezi, kidogo kidogo. Asiyelipa, jumuiya ina miezi 3 ya kuliandikisha deni lake juu ya nyumba yake, na deni hilo hulipwa kabla ya mkopo wa benki.

Ukali huo una sababu. Tarehe 24 Juni 2021 jengo la Champlain Towers South, mji wa Surfside huko Florida, liliporomoka usiku watu wamelala, wakafa 98. Wahandisi walikwisha kuonya juu ya zege lililoharibika, na wenye nyumba walikuwa wakivutana miaka kuhusu gharama za matengenezo. Mwaka uliofuata Florida ikapitisha sheria ya kulazimisha majengo ya ghorofa ya namna hiyo yakaguliwe na kuwekewa akiba. Nikiwaza majumba yetu yaliyosimama karibu na bahari na chumvi yake tangu enzi za Mzee Karume, habari ile hainitoki.

Sisemi huku kila kitu ni kizuri. Bodi inaweza kukukataza hata kuanika kanga kwenye roshani. Watu wanaingia kwenye lifti bila ya salamu, na jirani anaweza kufariki usijue. Michenzani msiba ukitokea alfajiri, jua halijapanda turubali limeshafungwa, mikeka imetandikwa, mchango umepatikana na wa kwenda kuchimba kaburi wameshaondoka. Hilo siwezi kulilinganisha na chochote nilichokiona ugenini.

Lakini watu hao hao waliomzika mwenzao bila ya kuulizana, tazama wanavyogombana juu ya pampu ya maji. Pampu ina mita yake ya Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, na mama mmoja ndiye anayepita mlango kwa mlango kukusanya pesa za umeme. Huyu anasema hana leo, yule anasema maji hayamfikii juu, mwengine yuko Maskati na mpangaji wake hajui kitu. Mwisho mama yule anatia zake, na watu wawili hawamsalimii tena. Wanaosema kwamba sisi ujirani unatutosha na sheria ni za wazungu, nawaomba wamfikirie mama huyu. Kama mdai angekuwa jumuiya, mwenye risiti na daftari, yeye angebaki kuwa jirani tu.

Wala si jambo geni kwetu. Waliotoa wakf za majumba katika Mji Mkongwe walijua: jengo lina msimamizi, na mapato yake hutumika kwanza kulitengeneza jengo kabla ya kugaiwa wanaostahiki. Huo ndio mfuko wa akiba. Na Zanzibar ina sheria yake ya kondominiamu tangu 2010, ndiyo iliyofungua njia ya kuuza nyumba moja moja katika majengo mapya kama ya Fumba. Naona si haki mnunuzi wa leo, tena mara nyingi mgeni, awe na chombo cha kulinda paa lake, na bibi aliyehamishiwa nyumba hizi za maendeleo za Michenzani baada ya kuvunjiwa kibanda chake Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, asiwe nacho.

Kwa hiyo nawaomba Wawakilishi wetu na Shirika la Nyumba: kila ngazi iwe na jumuiya iliyosajiliwa, mchango uwe mdogo na wa kila mwezi, wasio na uwezo wasamehewe kwa utaratibu ulioandikwa, na hesabu zibandikwe chini pale pale watu wanapopita. Nasi tulio nje tuna letu. Kila mwezi tunatuma pesa za vigae na kochi. Jumuiya ikipata akaunti yenye watia saini watatu, pesa za ngazi zipitie huko, nami nipo tayari kutuma fungu la nyumba ya mama yangu.