Mizani Ilitusifu, Miguu ya Mama Ikakataa

Mama yangu ana miaka 71. Mwaka juzi alikuwa na kilo 94, magoti yanamuuma, presha iko juu, na kila akienda kliniki anarudi na neno lile lile: punguza mwili. Aupunguze vipi, hakuambiwa. Akafanya wanavyofanya wengi. Aliacha chakula cha usiku, akaacha wali, akaacha hata maziwa kwa kuwa alisikia yananenepesha. Asubuhi chai ya rangi na kipande cha muhogo, mchana ugali kidogo na mchicha, basi. Baada ya miezi mitano mizani ikasoma 85. Majirani zetu hapa Tanga wakamsifu: "Bi mkubwa, umekuwa kigori!" Nami nikamsifu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku moja, baada ya alasiri, nilimkuta bado yuko kwenye msala. Nikadhani anavuta uradi. Kumbe ameshika mguu wa kitanda, anajivuta, anarudi chini, anajivuta tena, jasho linamtiririka. "Mwanangu," akaniambia, "miguu imenikatalia." Tangu siku ile akawa anasali kwenye kiti.

Tumezoea kuamini kwamba mtu mnene hawezi kuwa dhaifu. Mwili mkubwa, basi na nguvu zipo. Lakini misuli huweza kuisha chini ya mafuta na macho yasione kitu. Hali hiyo ya misuli kupungua uzeeni inaitwa sakopenia, jina alilolipendekeza mtaalamu wa lishe wa Marekani, Irwin Rosenberg, mwishoni mwa miaka ya 1980. Ikikutana na unene, mzee anabeba mzigo mkubwa kwa miguu ambayo kila mwaka inazidi kunyong'onyea. Halafu tunamwambia ajinyime kula. Mtu akijinyima bila kuifanyisha misuli kazi, kilo zinazotoka si mafuta matupu. Sehemu yake, mara nyingi kama robo hivi, ni nyama yenyewe ya mwili. Kijana ataijenga tena. Mzee ataihangaikia sana, na kilo zikimrudia, aghalabu hurudi kama mafuta.

Kuna utafiti mmoja natamani kila anayepima wazee uzito angeujua. Dennis Villareal na wenzake waliuchapisha mwaka 2017, kule Marekani. Walichukua watu 160 wenye unene, wa miaka 65 na kuendelea, walioanza kuwa dhaifu. Makundi matatu yalipunguza kula kwa mpango maalumu kwa miezi 6: moja likifanya mazoezi ya pumzi kama kutembea, la pili likinyanyua uzito, la tatu likichanganya yote mawili. Makundi yote matatu yalipungua asilimia 9 ya uzito. Kwa mizani, wako sawa kabisa. Ila waliofanya ya pumzi peke yake walipoteza asilimia 5 ya nyama ya mwili, walionyanyua uzito asilimia 2, waliochanganya 3. Na walipopimwa uwezo wa kufanya kazi za kila siku, waliochanganya walipanda kwa asilimia 21, wengine 14. Ndiyo maana nakasirika nikisikia mzee anaambiwa "tembea tembea tu." Kutembea ni kuzuri, lakini hakutoshi.

Wala asiniambie mtu kwamba umri umeshapita. Mwaka 1990, huko Boston, wazee wachache wa karibu miaka 90 waliokuwa wakiishi kwenye makao ya wazee walizoezwa kunyanyua uzito kwa miguu. Baada ya wiki 8 nguvu za miguu yao zilikuwa zimepanda kwa wastani wa asilimia 174.

Sisi hatukwenda jimu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimkalisha Mama kwenye kiti, mikono ameikunja kifuani, akamwambia asimame na kukaa mara tano huku yeye anatazama saa. Sekunde 24. Zikizidi 15, ni dalili ya udhaifu. Basi dawa ikawa kile kile kiti: mwanzo tuliweka mito miwili juu yake ili asishuke chini sana, baadaye mmoja, baadaye kitupu. Mara tatu kwa wiki. Anasukuma ukuta, ananyanyua chupa za maji za lita moja na nusu, anashika meza na kusimama kwa vidole.

Chakula nacho kikageuka. Wataalamu hushauri mzee apate protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na chai kwa muhogo haifiki hata karibu. Mayai yakarudi asubuhi, mtindi, choroko, maharage, samaki. Dagaa alivikataa mwanzo, eti chakula cha shida. Nikamkaangia kwa ndimu na pilipili, sasa anauliza mwenyewe viko wapi. Tulichopunguza ni sukari, maandazi, na mlima wa ugali. (Mwenye maradhi ya figo, au anayetumia dawa za sukari, azungumze na daktari wake kwanza, kuruka mlo juu ya dawa za sukari kumeangusha wengi.)

Kilichokuwa kigumu zaidi ni sisi wenyewe. "Mama kaa, nakuletea." Maji tunamletea, viatu tunamvisha, hata rimoti tunamwokotea. Tunaita heshima, na kwa kweli ni mapenzi, lakini kila tulipomzuia kuinuka tulikuwa tunampokonya zoezi moja. Wajukuu nimewakataza. Bibi akitaka maji, anayafuata, nanyi mwende naye.

Leo ana kilo 87, mbili zaidi ya siku ile, na wapo wanaomwambia amenenepa tena. Kile kiti anakimaliza kwa sekunde 13. Ijumaa iliyopita alitandika msala chini. Nilisimama mlangoni, mikono tayari, nikimsubiri kwenye kila sijda. Hakuniita.