Fimbo Ina Daftari, Unasihi Hauna Hata Kiti

Ingia ofisi ya walimu ya sekondari ya kata, utazame ile karatasi ya mgawanyo wa majukumu iliyobandikwa ukutani. Taaluma, Mwalimu fulani. Michezo, fulani. Mazingira na EK (Elimu ya Kujitegemea), fulani. Halafu unakuja mstari unaonichefua kila nikiuona: "Nidhamu, Malezi na Unasihi". Mtu mmoja! Yaani yule aliyekuchapa asubuhi mstarini kwa kuchelewa ndiye saa nne umfuate umweleze kuwa umechelewa kwa sababu nyumbani hamkulala, baba alikuwa anavunja vyombo. Tunamdanganya nani?

Mwaka 2002 wizara ya elimu hapa Tanzania ilitoa Waraka wa Elimu Na. 11 wa kuanzisha huduma za ushauri na unasihi shuleni na vyuoni. Mwaka huohuo zikatoka kanuni za viboko: visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, kisha jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la mchapaji viingie daftarini, mkuu atie saini. Najua, zipo shule ambako daftari hilo lina vumbi na fimbo haina. Lakini walau mthibiti ubora akija ana kitu cha kuulizia. Upande wa unasihi mwombe mkuu akuonyeshe kipindi chake kwenye ratiba. Atakuonyesha mwembe.

Na hapo kwenye ratiba ndipo penye ugonjwa wenyewe. Semina tunazo, mabango tunayo, kaulimbiu ndiyo usiseme. Muda hatuna. Mwalimu ana vipindi 28 kwa wiki, zamu, na marundo ya madaftari ya mikondo minne, halafu anatangaza mstarini, "Mwenye shida aje ofisini kwangu." Aje lini? Mapumziko ya chai? Mazungumzo ya kwanza na mtoto aliyefungwa moyo yanakula kipindi kizima cha dakika 40, na nusu yake ni ya kuzungusha maneno: mpira, mtihani, kichwa kinauma. Jambo lenyewe linatoka dakika ya 35, mkono ukiwa kwenye kitasa. Ukimkatiza kwa sababu kengele imelia na Kidato cha Tatu B wanakusubiri, harudi tena. Na akitoka salama, bado umwone tena ndani ya siku tatu, kisha kila wiki hadi atulie. Hesabu wanafunzi watano tu wa namna hiyo, uniambie unawapachika wapi.

Kwa hiyo mpunguzieni vipindi. Afundishe 18, vinne viandikwe UNASIHI kwenye ratiba kuu kama inavyoandikwa Hisabati, na mtaaluma asithubutu kumtuma akajazie darasa lisilo na mwalimu. Mtaniambia walimu hawatoshi. Haya, ni kweli, shule yenye mwalimu mmoja wa Fizikia haiwezi kumpunguza huyo. Basi msimteue wa Fizikia! Teueni wawili, wa kike na wa kiume, na kabla ya kuteua wapeni wanafunzi vikaratasi waandike mwalimu wanayeweza kumwambia siri. Majina mawili au matatu yatajirudia mpaka mshangae, na mara chache sana litakuwamo la mshika fimbo. Wapo walimu wa nidhamu wanaopendwa, sikatai. Hatujengi mfumo juu ya bahati hiyo.

Tukija kwenye namna ya kumwita mtoto, tunaharibu kabla hatujaanza. Kiranja anaingia darasani: "Fulani, unaitwa na mwalimu wa malezi." Macho 60 yanageuka, na jioni ana mimba ya kusingiziwa. Waite watatu kwa pamoja kwa shughuli ya kawaida, kuhesabu vitabu au kurekebisha majina ya usajili, uzungumze na mmoja mmoja. Chumba kisiwe mlango wa pili kutoka kwa mkuu. Viti viwili vya kimo kimoja, meza pembeni, dirisha wazi kiasi cha mpita njia kuona lakini asisikie. Hilo linamlinda mtoto, na linamlinda mwalimu pia.

Sanduku la maoni nalo likitundikwa mbele ya ofisi ya walimu litakaa tupu mwaka mzima, kisha tutasema wanafunzi wetu hawana shida. Peleka vikaratasi darasani, kila mmoja aandike, hata kama ni "sina la kusema", wote watumbukize. Hapo hakuna anayejulikana kwa kuandika.

Na usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Mwambie mwanzoni: yatabaki kwetu, isipokuwa kama kuna anayekuumiza au unataka kujiumiza. Likitoka neno la kubakwa, acha kikao cha nidhamu, acha kumwita mzazi "wayamalize". Hospitali kwanza, kwani dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Asioge, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana nailoni hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Polisi uliza dawati la jinsia na watoto, mpigie na ofisa ustawi wa jamii. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Iandikwe vyooni, mahali mtoto anaposoma bila kutazamwa.

Daftari la mahudhurio mnalo tayari. Mtoto anayekosa kila Jumatatu, au anayesinzia kipindi cha kwanza na amepanga geto, chumba cha kuishi mbali na wazazi, hahitaji mtaalamu kutoka Dodoma ili ajulikane. Na huyo binti aliyerudi baada ya kujifungua, kwa Waraka Na. 2 wa 2021 unaomruhusu kurudi shule, nani kampokea getini, na kwa maneno gani?

Mkuu wa shule unayesoma hapa, Jumatatu anza na karatasi ile ya ukutani. Kwenye mstari wa nidhamu kata maneno "Malezi na Unasihi", uyashushe mstari wa chini, uyaandikie majina mengine mawili. Kalamu nyekundu unayo.